Fungu la Wakio

Voi, 11 Januari 1975

Dada yangu Wakio,

Salamu za mwaka mpya zikufikie wewe na Mama huko juu. Hamjambo? Miguu ya Mama inaendeleaje na baridi hiyo? Sisi hapa landi, nyumba hizi za reli, ni wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Mtoto wetu Donald alikanyaga kigae cha chupa lakini kidonda kimefunga.

Baada ya hayo, nina jambo. Jumapili iliyopita bwana mmoja wa maendeleo ya jamii alitufundisha kanisani, akina baba peke yetu, habari ya matumizi ya nyumba. Akauliza, "Nani hapa anajua alitumia pesa ngapi mwezi uliopita, na kwa nini?" Tulikuwa wanaume arobaini na mmoja, hakuna aliyeinua mkono. Na mimi ni karani, Wakio! Kazi yangu stesheni ni kuhesabu mizigo ya watu gunia kwa gunia, lakini mshahara wangu mwenyewe sijui unapotelea wapi. Nilirudi nyumbani nikaketi na mke wangu Mbula, tukaandika. Niliona aibu. Sigara peke yake, shilingi ishirini na moja.

Kwa hiyo tumeamua. Kuanzia mwezi huu kila mtu mzima wa nyumba yetu, huku Voi na huko Ronge, anaandika anachotumia. Nimemkabidhi Alexander wa lori la ndizi daftari lako. Upande wa kushoto ni matumizi ya nyumba, shilingi tisini kila mwezi. Upande wa kulia ni yako wewe mwenyewe, shilingi nane. Hilo ndilo fungu lako, lifanyie upendalo, bora uliandike. Mimi nina langu na Mbula ana lake. Kinachobaki pande zote kinarudi kwangu, nakiweka posta.

Sifanyi hivi kwa ubahili. Nataka Mama akae chini ya mabati kabla mwaka haujaisha. Nimeuliza bei: mabati ishirini na manne, shilingi ishirini na moja kila moja. Paa lile la nyasi litamwua kwa kifua.

Nisalimie Mama. Mwambie nakohoa kidogo tangu nipunguze sigara.

Mimi mdogo wako,
Hudson


Ronge, 2 Februari 1975

Mdogo wangu Hudson,

Pole na kukohoa. Mama anasema unywe maji ya limau. Yeye miguu yake ni ile ile, asubuhi inagoma na mchana inakubali. Mimi sijambo. Mvua ya vuli ilituachia maharagwe machache lakini tunakula.

Daftari nimelipokea na nimeandika kama ulivyosema. Nyumba: mafuta ya taa 5/60, sukari 11/-, majani ya chai 4/-, chumvi 1/20, kiberiti senti 60, sabuni ya kufulia 7/50, mafuta ya kupikia 6/-, dawa ya macho ya Mama 5/-, dawa ya kupe 8/-, kusagisha 4/80, na mchango wa shule 10/- ambao chifu alikuja kuuchukua mwenyewe mlangoni. Zilizobaki 25/90 ziko kwenye bahasha kwa Alexander.

Langu: sadaka Jumapili nne 2/-, mafuta ya kujipaka 1/80, uzi na sindano senti 70. Tena shilingi moja ya kitu cha wanawake ambacho sikitaji jina. Mstari huo mpe Mbula asome. Zimebaki 2/50, nazo zimo kwenye bahasha.

Mama aliponiona naandika aliniuliza, "Chumvi niliyompa mke wa Kituku nayo unaiandika?" Nikamwambia hiyo haikununuliwa, ilitolewa. Akasema, "Basi daftari la Hudson ni bovu, maana nusu ya mambo ya nyumba hii hutolewa." Tukacheka hadi akashikwa na kikohozi. Lakini mabati anayataka. Tangu nimsomee barua yako amekuwa akitazama juu kila maji yanapodondoka na kusema, "Dondoka tu, siku zako zinahesabiwa."

Mwandiko wangu uusamehe. Darasa la nne ni darasa la nne, na mkono umezoea jembe. Baba alipofariki na karo ikawa ya mtoto mmoja, walikuchagua wewe, na naona hawakukosea, maana sasa umekuwa mwalimu wangu.

Dada yako,
Wakio


Voi, 19 Februari 1975

Dada Wakio,

Hamjambo wote? Barua yako imetufurahisha. Mbula aliposoma ule mstari wake alicheka akanificha karatasi.

Kazi yako ni safi, ila kuna kosa. Matumizi ya nyumba yanafika 63/70, kwa hiyo baki ni 26/30, si 25/90. Senti arobaini ziko wapi? Si kwamba nakushuku. Ila senti ndizo zinazotoboa mfuko, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Hesabu mara mbili kabla ya kufunga bahasha.

Sigara nimefika nne kwa siku. Mabati mawili tayari yako posta, ukipenda kuyaona hivyo.

Nisalimie Mama na ng'ombe.

Mdogo wako,
Hudson


Ronge, 30 Machi 1975

Mdogo wangu Hudson,

Salamu kutoka kwa Mama na kwangu. Huku mvua imeanza na watu wote wako shambani. Natumaini watoto hawajambo, na mama Donald pia.

Zile senti arobaini Mama alimpa mtoto wa jirani aliyemletea kuni. Nilisahau.

Mwezi huu nyumba imetumia 66/10, nimehesabu mara tatu. Langu ni hivi: sadaka 2/-, mafuta ya kujipaka 1/80, nauli ya Wundanyi kwenda na kurudi 7/-, chai na mandazi huko senti 80. Jumla 11/60. Nimepita fungu langu kwa 3/60, nikazitoa upande wa nyumba. Nimeziandika ili usizitafute.

Sina mengine.

Dada yako,
Wakio


Voi, 8 Aprili 1975

Dada Wakio,

Natumaini mvua inaendelea vizuri na hamjambo. Huku tumepatwa na homa, watoto watatu kwa zamu, lakini sasa wanacheza.

Nimesoma ukurasa wako wa Machi. Wundanyi ulifuata nini? Sikatazi mtu kutembea, wewe ni mtu mzima kunishinda. Kama ni yule Danson wa kwaya, sema tu tuanze kushona nguo! Ila shilingi saba ni theluthi moja ya bati, na ulitoka nje ya fungu ukagusa pesa ya nyumba. Nikikuachia wewe, Mbula ataniuliza kwa nini yeye simwachii. Tena mimi mwenyewe wiki iliyopita nilitaka viatu nikajizuia.

Kwa hiyo 3/60 nazikata kwenye fungu lako la mwezi huu. Utapata 4/40. Usione ni ukali. Tukivumilia wote kidogo, Desemba Mama analala pakavu.

Mdogo wako,
Hudson


Ronge, 3 Mei 1975

Mdogo wangu Hudson,

Poleni na homa. Mama anawaombea. Mahindi yamefika kiunoni.

Nyumba 61/-. Langu: sadaka 2/-. Zilizobaki 2/40 zimo kwenye bahasha. Nilikuwa na safari nyingine ya Wundanyi tarehe kumi na nane. Nimeiacha.

Dada yako,
Wakio


Voi, 20 Mei 1975

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, na nina habari njema: mabati tisa! Bwana Musyimi, mkubwa wangu, aliniona na daftari mezani akaniuliza ni la nini. Nikamwonyesha ukurasa wako wa Aprili, sadaka peke yake, nikamwambia, "Huyu ni dada yangu, alisoma mpaka darasa la nne." Akasema angependa mke wake akuone.

Umetufundisha sote, Wakio. Endelea hivyo hivyo.

Mdogo wako anayekusifu,
Hudson


Ronge, 3 Agosti 1975

Mdogo wangu Hudson,

Natumaini hamjambo. Samahani kwa ukurasa wa Juni uliochelewa.

Upande wa nyumba utaona 12/- za Kituku. Amenilimia shamba la chini na kubeba majani ya ng'ombe kwa wiki mbili. Najua utauliza, maana mwaka jana nililima mwenyewe. Mkono wa kushoto unauma na umevimba kidogo. Utapona. Nimefidia hizo kwa kuacha sukari, Mama peke yake ndiye anayetiliwa.

Fungu langu limerudi lote isipokuwa sadaka.

Dada yako,
Wakio


Voi, 9 Oktoba 1975

Dada Wakio na Mama,

Hamjambo? Mkono haujambo? Jaribu kuukanda kwa maji ya chumvi.

Yametimia! Mabati yote ishirini na manne yako stoo ya Mhindi hapa sokoni, nimelipa shilingi ya mwisho jana, miezi miwili kabla ya wakati. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeoa. Alexander atayapandisha wiki ya mwisho ya mwezi. Mimi sipati ruhusa, lakini Mbula atakuja na watoto wawili wadogo akae siku kumi, awapikie mafundi ili wewe upumzike.

Mama, ukisikia mvua inapiga juu kwa nguvu, usiogope. Ni pesa zetu zinaongea.

Hudson


Voi, 12 Novemba 1975

Wakio,

Sijui nikusalimie vipi. Mbula amerudi jana jioni. Hakuniambia habari ya mabati. Aliwalaza watoto, akafunga mlango, akakaa kitandani akaanza kulia, nikadhani ni Mama.

Ameniambia alikuletea maji ya moto bafuni na hukumsikia akija. Ameniambia alichokiona kifuani mwako, na harufu, na matambara uliyoyafunga. Anasema ulimshika mkono ukamwambia, "Usipige kelele, Mama atasikia." Anasema uliendelea kuwapikia mafundi siku zote hizo kwa mkono mmoja, naye alikuja akupikie wewe.

Tangu lini, dada? Kwa nini hukuniambia? Barua kumi nimepata kutoka kwako mwaka huu. Kumi! Umeandika mpaka kiberiti.

Pamoja na barua hii kuna shilingi mia moja na hamsini. Usiziandike popote. Nimeomba ruhusa, nitakuja tarehe ishirini na mbili nikupeleke Mombasa hospitali kubwa. Jibu kwa mkono wa Alexander siku hiyo hiyo utakayoipata, akigeuza lori.

Hudson


Ronge, 14 Novemba 1975

Mdogo wangu Hudson,

Mimi bado natembea, kwa hiyo usiandike kama niko kaburini. Mama hajambo. Mabati ni mazuri. Juzi ilinyesha, na Mama alilala akaamka akaniuliza kama ilinyesha, maana hakudondokewa. Nakwambia hilo kwanza ulijue.

Alexander ananingoja barabarani lakini nimemwambia akae, barua hii ni ndefu.

Niliona uvimbe mwezi wa pili, mdogo kama punje ya harage, kushoto. Haukuuma. Mwezi wa tatu ulikuwa umekua, nikaenda Wundanyi. Daktari alinipima akasema, "Mama, hii tusicheze nayo. Rudi tarehe kumi na nane Aprili, siku hiyo kuna daktari wa kupasua, atakutazama, kisha tutakuandikia Mombasa." Nikasema sawa. Nilikunywa chai na mandazi pale stendi nikiwa nimekaa kwenye jiwe, na nakumbuka niliyala yote.

Sasa unaniuliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambia vipi, Hudson? Wewe ni mdogo wangu, mwanamume, na barua zetu zinapita kwa mkono wa Alexander, zinasomwa mezani mbele ya watoto. Kitu cha shilingi moja nilishindwa kukitaja jina, je, hiki? Kila mwezi nilikaa na kalamu nikitafuta neno ambalo dada anaweza kumwandikia kaka yake, sikulipata. Mama naye nikimwambia hatalala tena. Nikaandika "nauli ya Wundanyi" nikasema, ataona. Hudson ana akili, ataona.

Na ukaona, ukauliza. Siwezi kusema hukuuliza. Lakini uliuliza kama karani anayetafuta gunia lililopotea, kisha ukanitania kwa Danson. Danson alioa Werugha mwaka juzi, na nilienda kuimba kwenye harusi yake. Ukanikata 3/60. Nilibaki na 4/40 na nauli ni saba. Nilizihesabu juu ya kitanda mara nyingi kama vile zitaongezeka.

Ningeweza kuazima. Mke wa Kituku angenipa. Ningeweza kuuza kuku. Nimefikiri hilo mwaka mzima, na sasa nitakuambia ukweli wote ili usibebe zaidi ya unachostahili. Tarehe kumi na nane ilipopita na mimi niko shambani, nilifurahi. Niliogopa kisu, Hudson. Nilimwona marehemu shangazi baada ya kupasuliwa. Nilisema moyoni, si mimi niliyekataa kwenda, ni Hudson aliyekata pesa. Nilikutumia wewe kama mlango wa kujifichia. Baadaye ulipoandika kwamba umemwonyesha mkubwa wako ukurasa wangu, nililia kwa hasira, nikaapa sitakwenda kamwe, nikuone utasema nini. Huo ulikuwa ujinga. Mtu anafanya ujinga akiwa peke yake na jambo.

Kwa hiyo nauli sikulaumu sana. Kile ninachokulaumu ni kwamba mwaka huu wote hujawahi kuniuliza fungu langu linatosha nini. Shilingi nane ulizipata wapi? Nani alikuambia mwanamke wa miaka thelathini na sita anaishi kwa nane? Na mimi sikukataa, maana tangu uende shule nilizoea kwamba kinachobaki ndicho changu.

Nimesema. Sasa imetoka na sina kingine ndani. Njoo tarehe ishirini na mbili, nitakwenda Mombasa. Mama nimemwambia ni mkono. Usimwambie tofauti.

Alexander anapiga honi.

Dada yako anayekupenda, hata kama barua hii haionyeshi,
Wakio


Voi, 28 Februari 1976

Dada yangu Wakio,

Natumaini ulifika salama, na kwamba Alexander aliendesha polepole kama alivyoniahidi. Usiku unalalaje? Vidonge vinatosha? Mama anasemaje?

Nyumba imepwaya tangu uondoke. Ulikaa nasi miezi miwili tu baada ya Mombasa lakini mtoto mdogo bado anakwenda kwenye kona ya kitanda chako kila asubuhi. Mbula hajakikunja. Najua ulitaka kurudi nyumbani, na daktari alipotuambia tumechelewa, ilikuwa haki yako kuchagua pa kukaa. Nilitamani uchague hapa.

Tulikaa meza moja siku zote hizo na sikuweza kusema. Ulikuwa unanitazama ukingoja, nami nazungumza habari ya treni. Basi nasema hapa kwa wino: nisamehe. Ulibeba maji ili mimi nishike kalamu, na kalamu hiyo hiyo ndiyo niliyokukatia nayo 3/60. Sijui mtu anafanya nini na jambo kama hili. Madaftari nimeyachoma, langu na la Mbula, yote, nyuma ya landi.

Natuma shilingi mia na ishirini kila mwezi, na mia moja nyingine sasa hivi. Umwajiri Kituku moja kwa moja. Nunua sukari.

Mdogo wako,
Hudson


Ronge, 4 Mei 1976

Mdogo wangu Hudson,

Anayeandika ni Jedidah, binti wa jirani, yuko darasa la saba. Mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia asibadilishe kitu. Natumaini nyote ni wazima. Sisi tuko. Mama sasa anajua, alijua mwenyewe. Alikuja akakaa kitandani kwangu akasema, "Wakio, mimi nimezika watu, usinidanganye." Tangu siku hiyo analala humu na mimi, na naona afadhali.

Mbula naye ameniandikia kwamba umechoma madaftari. Umefanya ujinga. Mwakani Donald anaingia sekondari, karo utailipa kwa machozi? Nunua daftari lingine. Wape watu mafungu, lakini uwaulize kwanza. Na mtu akiandika jambo usilolielewa, usimwandikie barua. Panda gari umwendee.

Umeniomba msamaha na nilichelewa kukujibu, si kwa kisirani, ni mkono. Nimekusamehe siku nyingi. Mengine nilikuwa nimejifanyia mwenyewe, nami nimejisamehe pia, hiyo ndiyo iliyochukua muda.

Sasa sikiliza mambo ya nyumba. Mama anapenda uji mwepesi, asubuhi bila sukari, jioni na sukari. Akikuambia yote mawili na sukari anakudanganya. Ng'ombe anazaa mwezi wa sita, na ndama wa kwanza ni wa mke wa Kituku, nilimwahidi. Akitoka hapa Mama, msimpeleke Voi wakati wa joto, mngojeeni hadi Julai. Atakataa. Mwambieni watoto wanamtaka, atakubali. Usimwambie wewe ndiye unayemtaka, atasema unamwonea huruma.

Jedidah amechoka na mimi pia. Usitume pesa tena mwezi huu. Njoo. Njoo ukae, hata kama hatuna la kuongea.

Dada yako,
Wakio


Stesheni, Voi, Jumatano 12 Mei 1976

Dada yangu Wakio,

Hujambo leo? Nakuandikia kutoka ofisini, Bwana Musyimi ametoka kidogo. Nimepata ruhusa! Siku kumi na nne, ametia sahihi mbele yangu. Tunakuja Jumamosi, mimi na Mbula na watoto wote, Donald nimemwombea shuleni. Alexander atatuchukua alfajiri akiwa bado hajapakia.

Umenigombeza kuhusu daftari na nimeona una haki. Nimenunua jingine. Ila safari hii tuliketi mezani, nikamwuliza Mbula, "Wewe unataka fungu gani?" Akalitaja. Si dogo! Nikaliandika.

Mbula amekushonea gauni la kulalia, pana, lisilokubana upande ule. Amelifua mara mbili ili liwe laini. Mimi sijui nikuletee nini. Nimezunguka soko lote jana. Nilinunua machungwa, nikaona ni kitu kidogo, nikaongeza redio ndogo ya mkono, ya kuazima kwa fundi, ili usikie kwaya za Jumapili. Ukichoka nayo tutaizima.

Nitakaa. Sitaongea habari ya treni.

Barua hii nampa Alexander kesho jioni, uipate Ijumaa, ujue tuko njiani.

Ijumaa, saa nne asubuhi

Wakio, jana Alexander hakupita, kwa hiyo barua iko hapa mezani kwangu bado.

Amekuja sasa hivi. Ijumaa asubuhi huwa yuko juu akinunua ndizi, hata nilipoliona lori likiingia uani nilidhani limeharibika. Lilikuwa tupu. Alisimama mlangoni akavua kofia akasema, "Hudson, funga ofisi." Nikamwambia nina hati za magunia ya katani hazijaisha. Akasema, "Funga ofisi, ndugu yangu."

Anasema ilikuwa kabla ya jua kutoka. Mama alikuwa amekushika mkono, akadhani umelala, akaendelea kukushika hadi Jedidah alipokuja na uji. Anasema Mama hajalia. Anamwuliza tu kila anayeingia kama Hudson ameshaambiwa.

Tulikuwa tuje kesho. Kesho, Wakio.

Bwana Musyimi amechukua zile hati akasema atamaliza yeye. Mbula anawavalisha watoto. Sijui kwa nini naandika, ila nikiweka kalamu chini itabidi nitoke, na pale nje Alexander ameacha injini ikinguruma, amefungua mlango wa mbele na kupangusa kiti kwa kofia yake.

Ananiita.

Mdogo wako,
Hudson